Utafiti tendaji darasani: hesabu kwanza, dawa baadaye

Swali: Nafundisha hisabati katika darasa la wanafunzi 46. Wengi hawafanyi kazi za nyumbani. Mwalimu mkuu ametaka kila mmoja wetu afanye utafiti tendaji muhula huu, yaani achunguze tatizo la darasa lake mwenyewe na kujaribu kulitatua, kisha awasilishe ripoti. Nimeandaa dodoso la maswali 25 kuhusu mtazamo wa wanafunzi juu ya hisabati, lakini nimekwama. Sampuli iwe ya wanafunzi wangapi? Nadharia tete, yaani dhana ya kupimwa, niiandikeje? Na nitajuaje kama mbinu nitakayojaribu imefanya kazi?

Jibu: Mwalimu, dodoso hilo liweke kabatini kwanza. Tatizo lako ni kazi za nyumbani zisizofanyika, na dodoso linauliza kama watoto wanaipenda hisabati. Ukilikusanya leo utapata karatasi 46 zenye "nakubali sana" na "sikubali kabisa", utachora chati ya kupendeza, halafu Jumatatu utaingia darasani bila kujua ubadilishe nini. Tena mtoto anayemjibu mwalimu wake mara nyingi huandika kile anachodhani mwalimu angependa kusoma.

Sampuli na nadharia tete zinatoka katika utafiti wa aina nyingine, ule unaochunguza watu wachache ili kusema jambo kuhusu wengi. Wewe hutaki kusema lolote kuhusu wanafunzi wa dunia. Unataka kuondoa tatizo katika chumba kimoja, na waliomo unawaona wote kila siku. Basi sampuli yako ni darasa zima, na mahali pa nadharia tete utaweka swali la utekelezaji, ambalo halitaandikika vizuri kabla ya wiki ya tatu. Nitalifikia.

Inasaidia kujua mbinu hii ilikotoka, maana makosa mengi yanaanzia katika kuielewa nusunusu. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 na kuhamia Marekani, aliieleza mwaka 1946 akizungumzia matatizo ya jamii, si ya shule. Stephen Corey wa Columbia University aliipeleka shuleni miaka ya 1950, akishikilia kwamba mwalimu hubadili ufundishaji wake kwa ushahidi alioukusanya mwenyewe kuliko kwa matokeo ya utafiti aliyosomewa na wengine. Uingereza, Lawrence Stenhouse alilitetea wazo la mwalimu kuwa mtafiti wa darasa lake katika miaka ya 1970. Ule mzunguko unaochorwa katika semina, yaani panga, tenda, angalia, tafakari, kisha rudia, ulienezwa na Stephen Kemmis na Robin McTaggart huko Australia miaka ya 1980. Mchoro huo ni mzuri, ila macho ya msomaji hutua kwenye "panga" na mwalimu akaanza kupanga dawa kabla ya kupima homa. Lewin mwenyewe aliweka uchunguzi wa hali ilivyo kabla ya mpango. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote zinazofuata.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza usibadilishe chochote. Toa kazi kama ulivyozoea, sahihisha kama ulivyozoea, na uhesabu.

Chukua karatasi ya mistari, uandike namba 01 hadi 46 upande wa kushoto badala ya majina, kisha uchore safu 10, moja kwa kila zoezi la siku. Katika kila kisanduku andika alama moja tu. K ni kazi kamili: maswali yote yamejaribiwa na njia imeonyeshwa, hata kama majibu mengine si sahihi, kwa kuwa unapima kufanya, hupimi kupata. S ni sehemu, na mbele yake andika namba ya swali alipoishia. S3 maana yake aliachia katika swali la tatu bila kulimaliza. N ni nakala. H ni hakuna kitu. X ni mwanafunzi ambaye hakuwepo siku kazi ilipotolewa. Wanafunzi wakifungua madaftari mezani na kuanza swali la kuchangamshia ubongo, unapita katikati ya madawati na kujaza. Ukizoea haizidi dakika saba.

Alama N ina mtego. Majibu sahihi yanayofanana hayathibitishi kitu, kwa sababu swali la hisabati lina jibu moja. Kinachotoa siri ni makosa yanayofanana: madaftari matatu yaliyoandika 7 × 8 = 54 katika hatua ile ile. Ukiona hivyo andika N kwa wote, bila kuhangaika kumtafuta aliyenakiliwa.

Siku ya tatu mwombe mwalimu mwenzako achukue madaftari 20 kwa kura, ayape alama mwenyewe kwa maelezo yako, bila kuona jedwali lako. Mkitofautiana katika zaidi ya matatu, maelezo yako ya K na S hayajanyooka. Yaandike upya na uanze kuhesabu tena. Ni afadhali kupoteza siku tatu sasa kuliko kugundua wiki ya saba kwamba ulikuwa mkali mwanzoni na mpole mwishoni, jambo ambalo humtokea karibu kila mwalimu anayejipima mwenyewe.

Siku 10 zikiisha, lisome jedwali mara mbili. Ukilisoma kwa mlalo unamwona mwanafunzi. Ukilisoma kwa wima unaliona zoezi. Tuseme kwa wima unakuta safu ya Jumanne imejaa S3, S3, S4, S3, S3. Fungua zoezi lenyewe: swali la 1 na la 2 ni la kukokotoa tu, la 3 ndilo la kwanza lililoandikwa kwa maneno. Sasa lisome kwa mlalo, unakuta H nyingi zimekusanyika katika mistari ya wanafunzi wanane wale wale, zoezi liwe gumu liwe rahisi. Na N zinajitokeza zaidi katika mazoezi ya kipindi cha mwisho, siku inayofuatwa na kipindi chako cha asubuhi mapema.

Ulikuja na lalamiko moja, "hawafanyi kazi za nyumbani". Jedwali limekupa matatu yasiyofanana: wanaoanza na kukwama mahali maalumu, wasioanza kabisa, na wanaokosa muda wakanakili. Dawa ya mmoja haimtibu mwingine. Adhabu kwa asiyeleta daftari haimfundishi aliyekwama katika swali la 3, ila inamfundisha kunakili.

Kisha zungumza na wanafunzi sita: wawili wenye K mfululizo, wawili wa S3, wawili wa H. Hapa unachagua kwa makusudi, hupigi kura. Dakika kumi kwa kila mmoja zinatosha, daftari likiwa wazi katikati yenu. Usiulize "kwa nini hukufanya?", maana "kwa nini" ya mwalimu huzaa udhuru. Sema "nionyeshe ulipoanzia", "hapa ulipoachia ulikuwa unafikiria nini?", "jana baada ya shule ulifanya nini kwanza, kisha nini?" Ikiwezekana wale wawili wa H wahojiwe na mwalimu mwingine wanayemwamini. Andika maneno yao kama walivyoyasema. "Sikujua nianze kujumlisha au kutoa" ni data. Ukiligeuza kuwa "mwanafunzi ana uelewa mdogo" umelifuta.

Sasa una vyanzo vitatu, yaani jedwali, madaftari na mazungumzo, na vikielekea upande mmoja una haki ya kuamini. Visipoelekea upande mmoja usilazimishe: mtoto akisema anakosa muda, na daftari linaonyesha anaishia swali la 3 kila mara hata kazi ikiwa fupi, amini daftari kuhusu mahali anapokwama na mwamini mtoto kuhusu hali ya nyumbani.

Ndipo uandike swali, mfano: "Nikitumia dakika 8 za mwisho wa kipindi kulianza swali la kwanza la maneno pamoja na darasa, wanafunzi wanaokomea swali hilo watamaliza zoezi nyumbani?" Angalia vilivyomo: nani, badiliko gani, kwa kiasi gani, na kitakachoonekana kwa macho. "Namna ya kuinua ari ya wanafunzi katika hisabati" haina hata kimoja, na ndiyo maana ripoti zenye kichwa cha namna hiyo huishia kwenye mapendekezo kwa wizara.

Badiliko liwe moja. Huu ndio ushauri unaovunjwa kuliko wote, na unavunjwa kwa nia njema. Mwalimu anaanza dakika 8, wiki ya pili anaongeza vikundi, ya tatu anagawa nyota kwa waliomaliza. Kazi zinaongezeka, kila mtu anafurahi, na hakuna anayejua kilichofanya kazi ni kipi. Muhula ujao nyota zinaisha, mambo yanarudi pale pale. Andika badiliko lako kwa undani ambao mwalimu mwingine angeweza kulirudia bila kukuuliza: kalamu zinawekwa chini zikibaki dakika 8, swali la kwanza la maneno linasomwa kwa sauti mara mbili, wanafunzi wawiliwawili wanasema kinachojulikana na kinachotafutwa, mstari wa kwanza wa njia unaandikwa ubaoni, jibu haliandikwi. Ukiliandika jibu umefanya zoezi fupi zaidi, hukumsaidia mtu kulianza.

Liendeshe wiki tatu. Kila siku andika mistari mitatu katika daftari la kumbukumbu: ulichofanya hasa, kilichokushangaza, kilichokwenda kinyume na mpango. Mstari wa tatu ndio dhahabu. Kama katika siku 15 kengele ilikukuta kabla ya dakika 8 mara sita, basi hukujaribu dakika 8. Ulijaribu dakika 8 siku tisa, na matokeo yasomwe hivyo. Mbinu nyingi zinatangazwa kuwa zimeshindwa na kumbe hazikufanyika.

Jaza jedwali lile lile kwa alama zile zile wiki zote tatu, lakini utakapolinganisha, chukua wiki mbili za mwisho dhidi ya zile mbili za mwanzo. Wiki ya kwanza ya jambo lolote jipya hubebwa na upya wenyewe. Urefu na ugumu wa mazoezi usibadilike. Ukitoa maswali 6 mwanzoni na 4 mwishoni, K zitaongezeka hata bila wewe kufungua mdomo.

Kuhusu kujua kama imefanya kazi: weka kipimo kabla ya kuanza, ukiandike na tarehe. Mfano, "mwanafunzi anahesabiwa anafanya kazi akipata K katika angalau asilimia 70 ya mazoezi aliyopewa". X haingii katika hesabu, na aliyekosa zaidi ya mazoezi matatu kati ya 10 anawekwa kando. Kisha usitosheke na wastani. Panga wanafunzi katika makundi manne. Tuseme wawili wamewekwa kando, wamebaki 44. Mwanzoni waliofikia kipimo walikuwa 14, mwishoni ni 27. Ripoti nyingi zingekomea hapo. Fungua zaidi: 12 walifikia mwanzoni na mwishoni, 15 hawakufikia mwanzoni, sasa wamefikia, 15 hawakufikia wakati wowote, na 2 walifikia mwanzoni wakateremka. Lile ongezeko la 13 limeficha mambo mawili, wale 15 ambao mbinu haikuwagusa, na wale 2 ambao pengine iliwaumiza. Na kwa kuwa idadi ni ndogo, andika watu, usiandike asilimia tupu. "Asilimia 34" inasikika kitaalamu, lakini ni wale wale 15.

Bado mtu anaweza kusema wangeongezeka hata bila dakika 8, kwa mfano kwa sababu mtihani unakaribia. Ni pingamizi halali. Njia rahisi ya kulijibu ni kumwomba mwalimu wa sayansi wa darasa hilo hilo ahesabu kazi zake za nyumbani katika wiki zile zile. Sayansi ikibaki ilipokuwa na hisabati ikapanda, mkono wako umehusika. Zikipanda zote mbili sawasawa, tafuta sababu nje ya dakika 8. Ishara nyingine imo ndani ya jedwali lako: kama mbinu yako ililenga S3, basi S3 ndizo zipungue. Zikipungua H na S3 zikabaki pale pale, kuna jambo jingine lililotokea.

Mtego mmoja zaidi, kwa sababu wenzako wengi watachagua njia hiyo: kuchukua wanafunzi 12 walioshika mkia katika jaribio moja, kuwapa masomo ya ziada, na kuwapima tena. Alama zao zitapanda, na sehemu ya kupanda huko ingetokea hata wasingefundishwa. Jaribio moja lina bahati ndani yake. Miongoni mwa 12 wa chini wapo waliokuwa wagonjwa, waliokosea kusoma swali, waliochelewa, na siku hiyo mbaya haijirudii kwa wote. Ukitaka kuwafuata walio chini, wachague kwa majaribio mawili au matatu, si kwa moja.

Suala la maadili ni fupi lakini halina mjadala. Pata ruhusa ya mwalimu mkuu, waeleze wanafunzi na wazazi unachofanya na kwa nini, orodha inayounganisha namba na majina ifungiwe peke yake, na ripoti isiwe na maelezo yanayomtambulisha mtoto. Juu ya yote, jedwali lisitumike kuadhibu. Ukiadhibu nalo mara moja tu, kuanzia kesho yake utakuwa unahesabu woga, na N zitakuambia hivyo.

Ratiba nzima ni wiki nane: mbili za kuhesabu, moja ya kusoma jedwali, kuzungumza na kuandika swali, tatu za badiliko, moja ya makundi manne na mazungumzo ya mwisho, moja ya kuandika. Zikikatika kwa mitihani au likizo, punguza wiki ya badiliko, usipunguze zile mbili za mwanzo. Dodoso lako lina nafasi katika wiki ya saba, likiwa na maswali matatu katika kikaratasi kisicho na jina, kikusanywe na mwanafunzi na si wewe: dakika 8 zilikusaidia wapi, hazikukusaidia wapi, na kama ni wewe ungebadilisha nini.

Ripoti iwe kurasa tatu au nne. Tatizo kama lilivyoonekana mwanzoni na kama jedwali lilivyolipasua, badiliko kwa undani, siku lilipofanyika na siku liliposhindikana, makundi manne, pingamizi unalolijua na jibu lako. Sura ndefu ya maandishi ya watafiti wengine si ya lazima, ila soma mawili matatu yanayohusu maswali ya maneno kabla ya wiki ya nne, yatakuepusha na dawa iliyokwisha kushindwa kwingine. Kabla ya kuwasilisha, mpe yule mwenzako aliyekagua madaftari 20 aisome akiwa na kazi moja tu, kutafuta mahali ulipodai zaidi ya ulichohesabu.

Kisha yachukue madaftari ya wale wawili walioteremka, kabla hujashughulika na wale 15. Huenda ni wanafunzi wepesi waliozoea kuanza kazi darasani katika dakika zile 8 ulizozichukua. Kama ni hivyo, waruhusu waendelee kimyakimya wakati wengine wanasoma swali kwa sauti, na uandike katika daftari la kumbukumbu tarehe uliyoanza kuwaruhusu. Wale 15 wahesabu upya: wangapi bado ni S3, wangapi ni H. Walio H hawana haja ya dakika 8 nyingine, na mzunguko wa pili unaanza kwao, kwa mazungumzo yale ya daftari wazi mezani na swali la "jana baada ya shule ulifanya nini kwanza".